Baraka Iliyoshukia Upplands Väsby

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na saba. Mama yangu anasema hiyo siyo kustaafu, hiyo ni kuacha kazi. Sawa. Lakini kwenye huduma kwa wateja, upande wa simu, aliyedumu kunizidi ni Gun peke yake, na Gun alikuwepo kabla ya viti. Kwa hiyo naandika kama mstaafu, kwenu ninyi mliorithi hedifoni zangu. Kwanza badilisheni kile kisponji cha sikioni. Mimi sikukibadilisha, nikaugua sikio wiki ya kwanza, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa utumishi wangu.

Vyeo na mishahara naviruka, havijazi hata mstari.

Nilitoka sekondari nikaingia kazini moja kwa moja, nikiwa bado naishi kwa mama, mtaa wa Rågsved, hapa Uswidi. Ofisi ilikuwa juu ya duka la mazulia, na kampuni ilikuwa inauza intaneti ya nyumbani. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, watu wanatoka kwenye ile intaneti ya zamani iliyokuwa inalia kama mbuzi kabla ya kuingia, wanahamia kwenye ya kasi. Ya zamani ikikwama mtu alikuwa analala. Ya kasi ikikwama anatupigia sisi.

Gun ndiye aliyenifundisha. Mama wa Kiswidi, karibu na sitini, anafuma soksi huku anaongea na wateja. Alinipa mafundisho mawili. La kwanza: mteja akisema hajagusa kitu, muulize amegusa nini. La pili: usimwambie mteja hapana, mwambie tutaangalia. Nikamuuliza, halafu tunaangalia? Akahesabu vishono vyake kwanza. "Mara nyingine," akasema.

Na kulikuwa na karatasi ya maelekezo, imebandikwa mbele ya kila meza. Hatua ya kwanza ya kila ugonjwa: zima modemu, subiri kidogo, washa. Nimewahi kumwambia mtu azime modemu kabla hajataja jina lake. Ikapona. Hatukujua ilikuwa inaumwa nini.

Haya, sasa namba, maana bila namba hadithi yangu haiendi. Nyumba yoyote ikiwa kwenye intaneti inakuwa na namba yake, anwani ya IP. Ziko za aina mbili. Kuna ya kudumu, hiyo ni yako mpaka uhame. Na kuna inayobadilika, hiyo umeazimwa. Watu wote wa nyumbani tuliwapa ya kuazima. Ya kudumu ilikuwa ya makampuni. Ukiuliza kwa nini, ofisini walisema mtu wa nyumbani haihitaji. Mtu wa nyumbani mwenyewe hakuulizwa.

Waswidi nilikuwa nawaeleza kwa chumba cha kufulia. Kwenye magorofa ya hapa mashine ziko chini, za wote. Unachomeka kikufuli chako ubaoni kwenye saa unayoitaka, na saa hiyo ni yako. Lakini usipotokea ndani ya nusu saa, jirani anaruhusiwa kuingiza nguo zake, na ukija kulalamika mwenye makosa ni wewe. Basi namba inayobadilika ni hivyohivyo. Modemu ikiwa inawaka, kila baada ya muda inajitokeza inasema bado nipo, na inaachiwa namba yake. Ukiizima dakika moja, kwa kawaida unarudi unaikuta. Ukiizima kutwa nzima, namba anapewa mwenzio. Ya kudumu ni sawa na kuwa na mashine yako ndani ya nyumba yako. Mswidi akisikia chumba cha kufulia anaelewa papo hapo, na anaanza kukuhadithia jirani yake.

Watu wetu hawakuhitaji mfano. Walishaazimwa kila kitu, hata vibali vya kuishi.

Na watu wetu walinipata haraka. Mama mmoja kanisani alijua nafanya kazi wapi, basi imekwisha. Wakongo, Warundi, Waganda, wote wakipiga wanasema neno moja, jina langu, "Neema," na Gun anageuza kiti: "Ni wako." Mzee mmoja wa Uganda alikuwa anaanza kwa Kiingereza, akikasirika anahamia Kiswahili, akitaka kushukuru anarudi Kiingereza. Nilijua hali ya laini yake kwa lugha.

Sasa Papa Esther. Huyu alikaa Hjulsta, mwisho kabisa wa treni ya bluu, na mkewe Mama Esther na binti yao Esther mwenyewe. Watu wa Bukavu kama sisi. Esther alikuwa anaolewa na kijana anaitwa Elie, aliyekulia hapahapa, Kiswahili chake kinatosha kuomba chai. Shida ilikuwa Nyanya, mama yake Mama Esther, aliyebaki Kabare, juu ya Bukavu. Viza alinyimwa. Na kwao mtoto wa kike haondoki nyumbani bila nyanya kumbariki kwa mdomo wake mwenyewe.

Mtasema, si wampigie simu. Walishafanya hivyo kwa binti yao mwingine, aliyetangulia kuolewa. Walinunua kadi ya simu, Nyanya akaanza kutaja ukoo, mmoja mmoja, na kadi ikaisha kabla hajafika kwa bwana harusi. Ndoa ile haikumaliza mwaka. Wengine walisema ni tabia za yule kijana. Mama Esther alijua ni kadi.

Kwa hiyo safari hii ilikuwa intaneti, haikatiki na haina kadi. Kulikuwa na programu ya kuongea, unaandika namba ya IP ya mwenzako, kwake inalia, anabonyeza, mnaongea. Patrick, mtoto wa ndugu yao, alikuwa anafanya kazi kwenye saiba mjini Bukavu, na Nyanya angeshuka hapo kuongea. Lakini lazima yeye ndiye apige Hjulsta. Kutoka Hjulsta kumpigia haikuwezekana, kwa sababu mashine zote za saiba zilijificha nyuma ya namba moja. Yaani kila kitu kilitegemea Patrick awe na namba sahihi ya Papa Esther.

Na namba ya Papa Esther ilikuwa haikai. Jumapili hii wakijaribu inakubali, Jumapili ijayo haipo. Niliomba wampe ya kudumu. Wakauliza ana kampuni? Nikasema ana mke na binti. Wakanipa jibu la mke na binti. Mafundi wakambadilishia modemu mara mbili, wakaandika kwamba laini ni nzima na jambo hilo haliwezekani.

Nikaenda mwenyewe, Jumapili, baada ya ibada. Tukala samaki na fufu, tukazungumza, tukainuka ili wanisindikize kituoni. Nimevaa kiatu kimoja naona Mama Esther anazunguka ukutani anachomoa plagi. Ya friji. Ya televisheni. Ya modemu.

"Mama, unafanya nini?"

"Nazima nyumba. Tunatoka."

"Kila mkitoka?"

"Wewe kwenu mnaacha?" Akanitazama kama nimelelewa na watu wengine. "Bukavu umeme ukikatika, ukirudi unarudi na hasira. Nilishapoteza friji mbili."

"Mama Esther, wa hapa haurudi, kwa sababu hauondoki."

"Ndivyo wanavyosema wote," akasema, "kabla friji haijaungua."

Mpaka leo ndiyo kesi ninayoipenda. Mafundi wenye diploma walipima waya toka Hjulsta mpaka mjini, na hakuna aliyewaza kwamba mtu anaweza kuzima nyumba. Na mimi nisiwacheke sana, mama yangu anazima pia. Nilikuwa sijawahi kuiona kama kitu.

Tukakubaliana. Modemu haiguswi mpaka harusi ipite. Nikaifunga plagi yake utepe mwekundu. Mama Esther akaapa mbele ya mumewe.

Baraka ikapangwa Jumamosi, wiki moja kabla ya harusi. Alhamisi Papa Esther akamsomea Patrick namba, akairudia. Ijumaa familia nzima ikaenda kujaribu nguo, kutwa, mnajua mambo ya nguo. Na kabla ya kutoka Mama Esther alizima nyumba. Modemu hakuigusa. Aliheshimu utepe. Alichomoa ekstensheni, ambayo modemu ilikuwa imechomekwa humo.

Jumamosi wakakaa sebuleni, suti, vitenge, Esther na Elie wamepiga magoti kwenye zulia mbele ya kompyuta. Kompyuta kimya. Wakangoja mpaka magoti ya Elie yakakataa. Papa Esther akampigia Patrick kwenye simu.

"Mbona hampigi?"

"Kupiga vipi tena?" Patrick akasema. "Si mmeshaongea. Nyanya kamaliza, yuko njiani anapanda Kabare. Amefurahi sana. Anasema mkwe ana adabu, anasikiliza mpaka mwisho."

Sebule nzima ikamgeukia Elie. Elie akasema kwa Kiswidi hajaongea na mtu.

Hapo wakanipigia mimi, na ikabidi niwaeleze ya chumba cha kufulia. Saa yao ilipita bila wao kutokea, jirani kaingiza nguo. Namba ya Alhamisi ilikuwa ya mtu mwingine sasa, na huyo mtu ameitikia. Mtauliza Nyanya hakushtuka vipi. Angeshtuka na nini? Ilikuwa sauti tu, hakuna picha. Wakati wa baraka bibi harusi haongei, analia kimyakimya. Mwenye kujibu ni bwana harusi, na yeye anaruhusiwa neno moja, amina. Patrick naye hajaoa, kwa hiyo hakutakiwa kusikia. Alimvalisha Nyanya hedifoni akatoka nje.

"Binti yangu," Mama Esther akasema, na hakupandisha sauti, "harusi haipo."

Nyuma yake nikamsikia Esther anajibu kwa Kiswidi kwamba ni intaneti tu, mamma, tumpigie tena.

"Mwambie huyo," Mama Esther akaniambia mimi, kana kwamba binti yake ndiye yuko Bukavu. "Mwambie baraka haipigiwi tena. Ya dada yake ilikatika, aliona. Hii yake imekwenda kwa mtu. Nitamtoaje nyumbani, mtupu?"

Nilijua kampuni inaweza kuona namba ile sasa iko kwa nani. Nilijua pia hairuhusiwi kumwambia mtu, na mimi mwenyewe sina ruhusa hata ya kutazama. Nikamwambia Mama Esther tutaangalia. Ndiyo siku niliyoelewa kwa nini Gun alikuwa anafuma.

Jumatatu Gun yuko na mteja, mara soksi zikasimama. Akaziba kinasa sauti kwa kiganja. "Neema. Kuna bwana anasema kikongwe amemwombea kwenye kompyuta. Ni wako."

Aliitwa Lennart. Mstaafu wa kweli, siyo kama mimi. Mjane, anaishi Upplands Väsby, mji mdogo nje ya jiji. Sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kupiga.

"Nataka kujua tu," akasema, "kama nimejiunga na kitu bila kukusudia."

Alikuwa anamsubiri kaka yake wa Australia, ndiyo maana alikuwa na ile programu. Ikalia, akabonyeza, akakuta mama mzee anaongea.

"Kwa nini hukukata?"

"Alikuwa anaongea," Lennart akasema.

"Na ulielewa?"

"Hapana. Ila kulikuwa na majina mengi. Baadaye akanyamaza, kama anangoja kitu. Nikasema amen. Ilionekana ndicho kilichotakiwa. Akafurahi, akaanza upya. Na mara ya pili nikasema tena."

Nikamweleza. Nikadhani laini imekufa, karibu nimwambie azime modemu. Halafu akasema, "Lakini hilo ni jambo baya sana kwao. Wafanye nini?" Nikamuuliza kama wanaweza kumpigia. Akasema wanaweza.

Lakini Mama Esther hakutaka kumpigia mtu kabla Nyanya hajasema. Wakanunua kadi, tena mbili kwa usalama, wakampata Nyanya Kabare. Nilikuwepo, spika imewashwa. Mama Esther akaeleza yote, mpaka ekstensheni. Nilitegemea kilio. Nyanya akauliza tu, "Huyo mtu aliitikia?"

"Aliitikia, Mama. Mara mbili."

"Basi imefika. Mimi sitoi tena, mimi si bomba. Mzigo ukishushwa kwa jirani, humwambii mwenye lori arudi nao Kabare. Mnavaa nguo, mnakwenda kuuchukua kwa jirani." Akakata yeye, kadi ya kwanza ikiwa bado na dakika.

Kwa hiyo Jumatano tukapanda treni kwenda Upplands Väsby, watu tisa, suti na vitenge, kreti ya soda. Abiria walitupisha, wakadhani ni msiba. Lennart nilikuwa nimemwambia watakuja watu wachache. Kwa Mswidi wachache ni wawili. Alikuwa ameandaa vikombe vitatu, akasimama mlangoni anatuhesabu kwa macho, kisha akaenda kuleta viti vya bustani.

Msemaji alikuwa shemeji yake Papa Esther, maana baba hajisemei. Akakohoa. "Mzee, sisi tulikuwa tunapita."

Nikatafsiri. Lennart akauliza kwa heshima kama tunakwenda uwanja wa ndege.

"Katika kupita," shemeji akaendelea, "tukasikia kuna mzigo wetu ulishushwa kwako. Hatukulaumu. Ulipokea vizuri. Tumekuja kuuomba."

Lennart akanitazama. "Ni ile ya yule mama?"

"Ndiyo."

"Sijaitumia," akasema.

Nilipotafsiri hilo, Papa Esther alitazama dirishani, mabega yanatikisika. Mama Esther hakucheka. Alisema, "Mwambie afanye kama alivyofanya siku ile. Vilevile. Asiongeze."

Lennart akakaa kwenye kiti chake cha kompyuta. Esther na Elie wakapiga magoti kwenye zulia lake. Akaweka mikono mapajani, akainamisha kichwa, akanyamaza. Na alinyamaza, ndugu zangu, muda wote ambao Nyanya alikuwa ameongea. Sisi tumesimama. Mimi sina subira, mnanijua, nilitaka kukohoa, nilitaka kumwambia mzee inatosha. Nikamwona Mama Esther midomo inasogea. Alikuwa anayajaza yeye, yale majina, mmoja mmoja, na safari hii yalifika mpaka kwa Elie.

"Amen," Lennart akasema.

"Amina," tukajibu wote.

Elie akaanza kuinuka. Esther akamshika mkono, akamrudisha chini. Lennart alikuwa bado ameinama. Kulikuwa na mara ya pili.

Harusi ikafungwa Jumamosi. Lennart alikaa meza ya ukoo wa bibi harusi, na kila aliyepita alimsalimia kwa mikono miwili, yeye akijibu tack, tack, yaani asante. Ndoa ipo mpaka leo. Nawaambia hilo kwa sababu najua mtauliza.

Baada ya harusi Lennart alipiga tena kazini, akamwambia Gun neno moja, jina langu. Nikadhani intaneti yake imekwama.

"Hapana, inakwenda vizuri," akasema. "Nataka kuomba ile namba ya kudumu. Hii hii niliyonayo. Ili yule mama akipiga tena asikute mtu mwingine."

Ningeweza kumwambia tutaangalia. Nikamwambia ukweli. Kwamba ya kudumu ni ya makampuni, na hata angekuwa kampuni angepewa nyingine mpya, hii aliyonayo haifungwi kwa mtu. Kwamba Nyanya hatapiga tena, kazi yake ilikwisha.

Nikasikia anaandika, au anachora tu.

"Lakini ulisema modemu ikiwa inawaka, naachiwa ileile."

"Kwa kawaida, ndiyo."

"Basi sitaizima," akasema. Akanitakia siku njema.

Kwenye mfumo wetu, mnajua, kesi haifungiki mpaka ujaze sehemu ya suluhisho. Nikaandika: mteja haizimi. Gun akaegemea upande wangu akasoma, sindano mkononi. Nikangoja anisahihishe. Akarudi kwenye soksi yake, na mimi nikaifunga kesi.